Hema Moja kwa Watoto Wawili

Sajenti mstaafu Nzau akiwa shamba la chini hupigia simu jikoni kwake, mahali ambapo angepaza sauti kidogo tu angesikika, na husema hivi: "Besi, Besi, hapa Shamba. Hali ya chakula, ova." Mke wake Kasiva humjibu kwamba chakula kiko tayari, kisha hunyamaza. Nzau naye hunyamaza, kwa sababu mwenzake hajasema ova, na kwa utaratibu aliofundishwa jeshini mtu ambaye hajasema ova hajamaliza kuongea. Nimewahi kumwona amesimama katikati ya mbaazi zake, simu sikioni, akingoja, huku sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ikipoa mezani.

Mimi ni jirani yake. Mashamba yetu yametenganishwa na ua wa makonge, hapa Kola, na tangu astaafu nimemsikia yeye kuliko ninavyosikia redio yangu. Sikio lake la kushoto liliharibikia kazini, kwa miaka ya kusikiliza mitambo iliyokuwa ikikwaruza mchana kutwa, kwa hiyo simu yake ameiweka kwenye sauti ya juu kabisa. Mtu akimpigia yeye, amenipigia na mimi.

Alikuwa wa kikosi cha mawasiliano. Wenzake walibeba bunduki. Yeye alibeba bunduki, redio, betri ya redio, na waya wa kutundika juu ya miti ambayo kaskazini kule alikotumwa haikuwepo. Ukimpa nafasi, na hata usipompa, atakueleza kwamba watu hudhani vita ni risasi, kumbe sehemu kubwa ni kuulizana: nani yuko wapi, nani amebaki na maji, nani asogee, nani alale chini asubiri. Kikosi kikipoteza bunduki moja, asema, kitalaumiana jioni. Kikipoteza redio hakitajua hata jioni kitakuwa wapi.

Alipostaafu, kanisa letu dogo lilimpa kazi ya kusoma matangazo baada ya misa. Alisoma kila tangazo, akasema "narudia," akalisoma tena. Ndoa za watu zilitangazwa maradufu. Padri alivumilia hadi msimu wa mavuno, ambapo matangazo huwa mengi, kisha akampa kazi ya kupanga viti. Nzau hakukasirika. Alisema tu kwamba kama kuna Mkristo atakosa mkutano wa akina baba, yeye hayumo.

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo hakulifanyia mzaha. Alinieleza siku moja tukitengeneza matuta, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza dawa ya kupe. Alipokuwa kijana, kambini, alipewa majina ya askari waliokufa ayageuze yawe tarakimu, kisha ayatume makao makuu. Moja lilikuwa la mtu aliyelala kitanda cha pili kutoka chake. Aliyatuma, akaenda kula na wengine, wakamuuliza kama kuna habari, akasema hakuna. Wa kwanza kujua ni familia, na familia huambiwa kwa mdomo wa mtu aliyetumwa, amesimama mlangoni pao. Mdomo huo ukishafika, ndipo wengine wanaruhusiwa kuongea.

"Ujumbe si wako," aliniambia. "Wewe ni waya tu."

Binti yake wa kwanza anaitwa Mbithe. Ni jina la mama yake Nzau, na kwa hiyo yeye humwita Mwaitu, yaani mama yangu, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Mbithe alikua akiitikia "roja," yaani nimepokea, kabla hajajua kuandika, na hakuna aliyeshangaa alipojiunga na jeshi na kupelekwa mawasiliano. Aliandikishwa uwanjani Machakos siku ile ile pamoja na kijana wa hapa hapa, Lenny, mtoto wa pekee wa Nthenya. Nthenya ni mjane anayekaa ng'ambo ya kijito, mahali ambapo gari haliwezi kufika kutoka upande wetu bila dereva kutubu kwanza. Lenny alifanywa dereva wa lori. Kila alipokuja likizo, mama yake alimtuma dukani kama alivyomtuma akiwa mdogo, naye alikwenda mbio, mtu mzima na ndevu zake.

Mwaka jana wote wawili walipelekwa ng'ambo ya mpaka, kambi moja. Mbithe alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Lenny alipiga wakati wowote, hata kama hakuwa na la kusema, na Nthenya alitembea na simu yake ndani ya blauzi hata akiwa anakama mbuzi.

Alhamisi moja taarifa ya habari ikasema kwamba kambi ya wanajeshi wetu imeshambuliwa, na maelezo zaidi yatatolewa. Haikusema kambi gani. Kufikia saa sita mchana kundi letu la simu, ambalo kwa kawaida hujadili mbuzi waliopotea, lilikuwa limepokea maelezo zaidi ya aina tatu, na hakuna hata moja lililofanana na jingine. Kasiva alijaribu namba ya Mbithe. Nthenya alijaribu ya Lenny. Simu zote mbili hazikupatikana.

Jioni hiyo Nzau alikuja kwenye ua.

"Simu zao zimefungwa," akaniambia.

"Labda ni mtandao."

"Mtandao hauna adabu ya kupotea kwa watu wote mara moja. Siku hizi kila askari ako na simu mfukoni. Mtu akianguka, kabla vumbi itulie picha imefika mji wa Mlolongo, na mama yake bado anachuma kunde. Kwa hiyo wanafunga. Zikifungwa, kuna mtu. Na haziwezi funguliwa mpaka nyumbani kwa huyo mtu waambiwe."

"Ni nani?"

"Hiyo ndio sina."

"Kasiva anajua?"

"Kasiva anajua ni utaratibu."

Uso wake haukubadilika, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya jani la mkonge, pale penye mwiba, na hakuonekana kuusikia. Mimi niliogopa na sina haja ya kuficha. Nilifikiria watoto wale wawili, nikatambua kwamba nikimwombea mmoja tu nitakuwa nimefanya jambo baya.

Kesho yake tulikuwa na kamati. Sijui nani aliianzisha, ila najua nani alikuwa mwenyekiti: Bartholomew Musili, ambaye ni mwenyekiti wa kamati zote za hapa, pamoja na zile ambazo bado hazijaundwa. Musili alisema kwamba nyumba mbili ziko katika hali ya wasiwasi na haifai watu kukaa kwao kana kwamba hakuna kitu. Akasema italetwa hema. Mtu akauliza ni hema ngapi. Musili akafikiri kwa makini, akasema moja, kwa kuwa hatujui ni ya nani. Itakaa kwa Sajenti, kwa sababu kuna barabara.

Nzau aliwakuta vijana wakipigilia vigingi katikati ya uwanja wa nyumba yake.

"Musili, hapa hakuna msiba," alisema. "Hakuna ujumbe wowote umefika."

"Hata sisi hatujasema msiba," akajibu Musili. "Tumesema tenti."

"Ya nini?"

"Ya jua."

Kulikuwa na mawingu. Nzau aliangalia juu, akaangalia hema, akaenda kufunga mbuzi.

Kwa hiyo watu walikuja. Akina mama walileta sukari, majani ya chai na kuni, na sufuria kubwa ya kanisa ikatolewa stoo. Kwaya ilikuja. Musili aliagiza ziimbwe nyimbo za shukrani peke yake, kwa sababu nyimbo za mazishi zingekuwa kuamua kabla ya wakati. Nthenya alifunga nyumba yake, akavuka kijito na kiti chake cha plastiki kichwani, akakaa kando ya Kasiva. Majirani zake wote wa ng'ambo walimfuata ili asije peke yake. Upande ule walibaki kuku tu.

Nimeona misiba mingi, lakini sijaona kikao kibaya kama kile. Kina mama wawili wamekaa bega kwa bega, wanamenya viazi pamoja, kila mmoja anajua kwamba habari njema yake inaweza kuwa habari mbaya ya mwenzake. Walipoombwa kuomba, Nthenya alisimama akasema, "Mungu, wote wawili. Usituchagulishe." Kasiva akasema amina, akaficha uso kwenye leso. Nilimhurumia, kwa sababu mimi pia ni mzazi, na najua moyoni mwa mzazi hakuna kamati.

Baadaye Nthenya alimwita Nzau.

"Baba Mbithe, wewe ulikuwa wa simu huko jeshini. Hii kunyamaza ni ya nini?"

"Ni utaratibu, Mama Lenny."

"Utaratibu mzuri ama mbaya?"

Nzau alitafuta jibu ambalo si uongo. "Ni wa kawaida," akasema, na akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Jumamosi mchana tulikuwa nyuma ya ghala, mimi na yeye, tukipasua kuni. Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu. Simu yake ililia, namba ndefu ya nchi ya watu. Aliitazama kidogo, akaweka shoka chini, akaiweka kwenye sikio lake zima.

"Tuma, ova."

"Asa, ni mimi," ilisema sauti ya Mbithe, akimwita baba kwa Kikamba, na niliisikia vizuri kana kwamba amekaa juu ya zile kuni.

Nzau aliweka mkono wa pili kwenye nguzo ya ghala. Kwa muda hakusema kitu, na nilidhani anangoja ile ova. Hakuwa anangoja. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nakupata wazi, Mwaitu," akasema mwishowe. "Hali yako."

"Niko mzima. Mkono umeumia kidogo tu. Wametufungulia simu saa hii. Mama ako?"

"Ako."

"Mko kwa kina Lenny, sindio? Nasikia watu wakiimba." Akashusha sauti. "Asa, mpatie Mama Lenny pole yangu. Mwambie nitakuja nikipata ruhusa. Sijui utamwambia nini kingine. Asubuhi hiyo tulikuwa tumekula na yeye."

Nilikaa chini juu ya gogo.

"Rudia," alisema Nzau.

"Nasema umpatie pole. Asa? Kwani hamko huko?"

"Tuko kwetu. Mama Lenny ako hapa kwetu. Hakuna gari imekuja, Mwaitu. Hajaambiwa."

Tukamsikia akivuta pumzi. "Walisema nyumba zote zimefikiwa. Ndio wakafungua. Asa, nimeharibu."

"Hujaharibu," alisema Nzau. "Weka hiyo simu karibu. Mama yako atakupigia." Akakata, akabaki akitazama kioo mpaka kikazimika.

Tulikuja kujua baadaye kwamba nyumba ilikuwa imefikiwa kweli. Gari la jeshi lilipitia barabara ya juu tangu asubuhi, likafika ng'ambo kwa Nthenya, wakakuta mlango umefungwa. Wakapiga ripoti kwamba wamefika nyumbani, na huko ripoti ilikoenda ikahesabiwa kuwa kazi imekwisha. Wakatafuta mtu wa kumuuliza. Hapakuwa na mtu, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kwetu, chini ya hema, kikimfariji yeye.

Wakati huo hatukujua haya. Nilichojua ni kwamba Nzau alikuwa ameshika habari isiyokuwa yake, na kwamba Mbithe akijulikana kuwa ameitoa kabla ya wakubwa, atashtakiwa.

"Utangoja gari?" nilimuuliza.

"Ndio inatakikana."

Lakini Kasiva alikuwa amekwisha kutuona. Mke wa mtu huyasoma mabega. Alikuja mbio akisema, "Ni yeye? Ni yeye?" na Nzau akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hilo angewezaje kulificha. Kasiva alipiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba. Hema yote ikainuka. Na wa kwanza kumkumbatia alikuwa Nthenya, akimpigapiga mgongo, akisema, "Mungu ametenda, Mama Mbithe, Mungu ametenda."

Kisha Nthenya akarudi kwenye kiti chake, akatoa simu ndani ya blauzi, akaifuta kwa kanga, akaiweka magotini.

"Zimefunguliwa," alituambia. "Sasa anapiga."

"Eeh, anapiga," wakasema akina mama. "Dereva labda ako barabarani."

Musili alisimama kutangaza kwamba kikao sasa kimegeuka kuwa cha shukrani, na kwamba jambo la kuchinja mbuzi linaweza kuzungumzwa. Kwaya ikaanza. Nthenya alikuwa anapiga makofi polepole, macho kwenye simu, na alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu lilinishinda. Nilitaka kwenda kwangu nikajifungie.

Nzau alitazama barabara. Haikuwa na vumbi. Alinyoosha shati, akatembea mpaka katikati ya hema, akamgusa Musili begani.

"Nyamazisha watu."

"Sajenti, huu ni wakati wa—"

"Musili. Nyamazisha watu."

Wakanyamaza. Nzau alivuta kiti, akakiweka mbele ya Nthenya, karibu sana, magoti yakagusana, jambo ambalo mwanamume wa umri wake hafanyi hapa mbele za watu. Niliwahi kumsikia akisema maelfu ya maneno na yote yalikuwa na muundo. Haya hayakuwa nao.

"Mama Lenny, weka hiyo simu chini."

"Nangojea Lenny."

"Najua." Akaichukua yeye mwenyewe magotini mwake, taratibu. "Lenny hatapiga. Lenny ameenda. Ningetaka uambiwe na wenye kazi, lakini siwezi kukuangalia ukingoja."

Nthenya hakulia. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nani amesema?"

Nzau aligeuza uso kidogo kuelekea barabarani, kisha akamrudia. "Mbithe."

"Alimwona?"

"Walikula pamoja asubuhi hiyo."

Nthenya akafikiri. Kasiva alikuwa amepiga magoti chini kando yake, amemshika kiuno.

"Walikula nini?" akauliza.

"Sikuuliza," akasema Nzau.

"Muulize."

Akapiga ile namba ndefu. Hema yote ilisikia ikilia, mara ya kwanza ikakatika, mara ya pili Mbithe akashika. Nzau hakujitambulisha. Alisema, "Mama Lenny anauliza mlikula nini."

Mbithe akajibu. "Uji na mkate. Lenny alisema ni maji ya kuoshea sufuria. Akamaliza wake, akaomba na wangu. Nikampea."

Nzau akamgeukia Nthenya, na ingawa sote tulikuwa tumesikia, alimfikishia neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza. Nthenya alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akalia, na Kasiva akalia naye, na sisi wengine tukalia, Musili akiwemo, amekalia mfuko wa sukari.

Gari lilifika jua likiwa limeinama. Alishuka afisa kijana, kofia mkononi, na mchungaji wa jeshi, viatu vyao vimejaa matope ya kijito, kwa kulisukuma gari. Afisa alipoona hema na watu wenye macho mekundu alisita, kisha akauliza mama mzazi wa Lenny ni nani. Akaonyeshwa. Akasimama wima mbele yake, akasema yote aliyotumwa kusema, na aliyasema vizuri, kwa heshima. Nthenya hakumkatiza.

"Asante kwa kutembea," alimwambia. "Nimeambiwa."

"Na nani, mama?"

Nzau alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya kiti chake, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu. "Na mimi, bwana. Sajenti mstaafu Nzau, mawasiliano."

Afisa alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani alielewa, na nadhani alikuwa na swali linalofuata mdomoni, la ni nani alimwambia Nzau. Lakini Nthenya alikuwa amemshika mkono, kama unavyomshika mtoto wa mtu mwingine aliyetoka mbali, na alikuwa anamvuta akae.

"Kaa unywe chai," alimwambia. "Wangu alikuwa amekula."